Kukhu si kuku

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi za watu zilinibana. Leo siandiki kuhusu Linux wala simu mpya. Leo nakiri kosa. Nataka kuwasimulia jinsi programu niliyoiandika kwa mikono yangu mwenyewe ilivyomgeuza nyanya yangu kuwa kuku, na mambo ambayo kosa hilo lilinifundisha kuhusu maneno. Wapenzi wa kompyuta na wapenzi wa lugha, kaeni mkao wa kula.

Kwa wasioijua Endebess: ni mji mdogo katika Kaunti ya Trans Nzoia, kaskazini magharibi mwa Kitale, chini ya Mlima Elgon. Ukiifuata barabara hiyo mbele zaidi unafika Suam, mpakani na Uganda. Ni nchi ya mahindi. Siku ya soko utasikia Kibukusu, Kisabaot, Kikuyu, Kiturkana na Kiteso, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Sisi nyumbani ni Wabukusu. Nyanya yetu mzaa baba tulimwita Kukhu. Hilo si jina lake, ni cheo: kwa Kibukusu kukhu ni nyanya, na kuka ni babu.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2014 ukoo wetu ulikuwa umetawanyika: wengine Endebess, wengine Kitale, Bungoma, Eldoret na Nairobi. Tulikuwa na chama cha ukoo, na habari zilipitia ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu wazee hawakuwa na simu za intaneti. Nikaunda mtambo mdogo: kompyuta kuukuu, modemu, laini moja ya simu. Ukituma ujumbe kwenye namba ile, mtambo unausambaza kwa watu wote thelathini na kitu wa ukoo. Nilijiona bingwa.

Tatizo likawa vijana. Mnajua vijana wetu wanavyoandika: xaxa, cjui, 2taonana. Wazee wakalalamika kwamba hawaelewi kitu. Nami, badala ya kuwakanya vijana, nikaandika programu ya kurekebisha. Nilikusanya orodha ya maneno ya Kiswahili kutoka kwenye magazeti na vitabu nilivyovipata mtandaoni. Kila neno lisilokuwemo kwenye orodha, programu inatafuta neno lililo karibu nalo zaidi na kulibadilisha, kisha ujumbe unaendelea na safari. Haikuuliza mtu. Niliona kuuliza ni usumbufu.

Ilifanya kazi vizuri sana:

xaxa -> sasa
cjui -> sijui
2taonana -> tutaonana

Wazee wakafurahi. Mimi nikasahau kwamba programu ipo.

Siku moja ya Aprili, mvua ndefu zimeanza, shangazi aliyekuwa akiishi na Kukhu kule nyumbani alituma ujumbe huu:

"Kukhu ni mgonjwa tangu jana, hali, amelala tu. Leteni dawa kesho."

Ukoo mzima ukapokea huu:

"Kuku ni mgonjwa tangu jana, hali, amelala tu. Leteni dawa kesho."

Usomeni tena huo wa pili. Hakuna kinachomshtua msomaji. Katika lugha nyingi za Kibantu sarufi ingesaidia kidogo, lakini Kiswahili kinampa mnyama viambishi vya mtu: kuku amelala, nyanya amelala. Kuku mgonjwa hali, nyanya mgonjwa hali. Kila neno linamfaa kila mmoja wao. Hata dawa.

Binamu yangu wa Kitale, mtu mwema, alipitia duka la dawa za mifugo akanunua chupa ya dawa ya kuku. Mjomba mmoja wa Bungoma, mtu wa kufuga, anayejua kideri kinavyofagia banda zima kwa siku mbili, alijibu papo hapo. Ujumbe wake ulisambazwa kwa watu wote, akiwemo shangazi:

"Msingoje dawa. Achinjwe leo kabla hajafa. Firigisi mniwekee."

Shangazi alisoma maneno hayo akiwa amekaa kando ya kitanda cha mama yake. Kwake yeye mjomba alikuwa akijibu habari za Kukhu. Alizima simu. Alituambia baadaye kwamba alilia mpaka usiku, hakutaka tena kuongea na mtu yeyote wa ukoo. Kwa hiyo hakupiga simu, na sisi hatukupiga, maana nani anapiga simu kuulizia kuku? Kukhu akalala usiku wa pili bila dawa. Kesho yake saa nane mchana binamu alifika kwa bodaboda na chupa yake ya dawa ya kuku. Akaingia ndani, akamkuta Kukhu. Bodaboda ile ile ndiyo iliyompeleka hospitalini. Malaria, na kwa umri wake daktari alisema siku moja zaidi ingekuwa habari nyingine.

Alipona. Nawaambia mapema ili msome yanayofuata kwa moyo mtulivu.

Kosa lilitoka wapi?

Usiku ule nilifungua rejesta ya programu. Mstari ulikuwepo, mfupi kama mingine:

kukhu -> kuku (umbali 1)

"Umbali" ni hesabu ya mtaalamu wa Kisovieti, Vladimir Levenshtein, aliyeichapisha kwa Kirusi mwaka 1965. Unahesabu ni mara ngapi lazima uongeze, ufute au ubadilishe herufi moja ili neno moja liwe jingine. Futa h kwenye kukhu, umepata kuku. Umbali ni 1. Ni hesabu nzuri, na hadi leo programu nyingi za kukagua tahajia zinaitegemea kwa namna fulani. Levenshtein alikuwa akifikiria ishara zinazoharibika njiani, yaani neno sahihi lililopotezwa herufi na mtambo. Hesabu yake inauliza: neno hili limeharibika kiasi gani? Haiulizi: je, limeharibika kweli?

Hapo ndipo nilipokosea. Niliichukua orodha ya lugha moja nikaifanya ndiyo dunia. Kila neno la nje ya orodha nililiona ni uchafu wa kufagia. Kukhu halikuwa neno lililoharibika. Lilikuwa neno zima, lenye afya, la lugha inayosemwa na zaidi ya watu milioni moja. Na kh ya Kibukusu si mapambo. Ni sauti yake yenyewe, inayokaribia ile tuliyoizoea katika maneno ya Kiarabu. Pale Kiswahili kinapoanza kitenzi kwa ku-, Kibukusu husema khu-. Fikirieni basi: khulia ni kula, na programu yangu ingefuta h ikapata kulia. Mtu anasema tumekaribia kula, ujumbe unasema tumekaribia kulia.

Neno moja, wenyewe wengi

Kwa hasira za kujilaumu nilianza kutafuta: hizi herufi k na u, zikirudiwa, zina wenyewe wangapi? Nikajikuta nimekesha. Haya ni baadhi niliyoyakusanya:

Kiswahili: kuku, yule wa banda.
Kibukusu: kukhu, nyanya. Kuku wa banda ni engokho.
Kimaragoli: guku, nyanya; guga, babu.
Kikuyu: guka, babu, cũcũ, nyanya (ndiyo "shosho" ya Sheng). Kuku ni ngũkũ.
Kinandi na Kikipsigis: kogo, nyanya, kugo, babu. Kuku ni ingokiet.
Kizulu: inkukhu, kuku, gogo, nyanya.
Kihawaii: kūkū, nyanya au babu.
Kifini: kukko, jogoo.
Kisanskriti: kukkuṭa, jogoo.
Kiajemi: kuku, chakula cha mayai yaliyokaangwa na majani.

Angalieni Kizulu. Kule Durban, herufi zile zile k-u-k-h-u zimo ndani ya jina la kuku! Laiti Kukhu wangu angekuwa mzulu, programu ingekuwa imekosea kwa upande mwingine.

Sasa swali la programa yeyote: je, haya yote ni neno moja lililotawanyika, au ni maneno mengi yaliyokutana njiani? Jibu ni yote mawili, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kuku wa Kiswahili, ngũkũ wa Kikuyu, enkoko wa Kiganda, engokho wa Kibukusu, huku wa Kishona na inkukhu wa Kizulu ni ndugu wa damu. Ni mzizi mmoja wa Kibantu, kila lugha ikiutamka kwa kanuni zake. Ingokiet ya Kinandi haimo katika ukoo huo, kwa kuwa Kikalenjini ni lugha ya Kiniloti, lakini ukiiweka kando ya engokho unaona wazi kwamba majirani waliazimana neno, labda pamoja na kuku mwenyewe. Kuku wa kufugwa ni mgeni Afrika: asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki.

Lakini kukko ya Kifini na kukkuṭa ya Kisanskriti si ndugu wa kuku wetu. Hizo zimefanana kwa sababu kuku mwenyewe anajitaja. Mrusi akiigiza sauti ya jogoo husema "kukareku". Hakuna aliyemwiga mwenzake, wote walimsikiliza ndege mmoja.

Upande wa wazee ni hivyo hivyo. Kuka ya Kibukusu, guga ya Kimaragoli na guka ya Kikuyu ni ndugu. Ile g ya Kikuyu ina sababu: kuna kanuni, iitwayo kanuni ya Dahl, inayoigeuza k kuwa g pale silabi inayofuata inapoanza na sauti kama k, t au c. Ndiyo maana wenyewe hujiita Gĩkũyũ na wengine tunasema Kikuyu. (Programa ataiona mara moja: hiyo ni tafuta-na-badilisha iliyoandikwa vinywani mwa watu karne nyingi kabla ya kompyuta.) Lakini kogo na kugo za Kikalenjini, na kūkū ya Hawaii, zinatukumbusha jambo jingine. Majina ya wazazi na wazee hutungwa na watoto. Mtoto asiyejua kusema hurudia silabi moja mara mbili, na mtu mzima aliye karibu huamini kwamba ameitwa yeye.

Kwa hiyo neno hili lina vyanzo viwili: kelele za ndege na kelele za mtoto mchanga. Katika nyumba ya Endebess yakakutana. Mimi nikayachanganya.

Tofauti na Warusi

Rafiki yangu aliyesomea uhandisi Urusi alicheka sana kusikia kisa hiki, akaniambia nisijione wa pekee. Akanipa neno baba, ambalo kwetu ni mzazi wa kiume. Katika lugha zinazoandikwa kwa alfabeti ya Kisirili linaandikwa баба. Kwa Kibulgaria, Kiserbia na Kimasedonia ni nyanya! Kwa Kirusi ni mwanamke, tena kwa lugha isiyo ya heshima. Kwa Kikazaki na Kikirigizi, ata-baba ni mababu wa kale, na lugha hizo ni za ukoo wa Kituruki, hazina udugu na Kirusi. Na няня, inayosomwa "nyanya", kwa Kirusi ni yaya wa kulea watoto.

Lakini Warusi wana unafuu mmoja. Herufi a ya Kisirili na a yetu zinafanana kama mapacha, ila kwa kompyuta ni namba mbili tofauti: yetu ni 97, yao ni 1072. Mashine haiwezi kuchanganya baba yetu na баба yao hata ikilazimishwa. (Wanalipia unafuu huo: ujumbe mmoja wa simu unabeba herufi 160 zetu, lakini za Kisirili 70 tu.) Hata hivyo namba hizo hazimwambii mtu kama баба ni ya Mbulgaria au ya Mrusi. Sisi hatuna hata hilo. Mbukusu, Mkikuyu, Mswahili na Mzulu wote tunaandika k kwa 107 na u kwa 117. Mashine inaona namba, haioni nani anayezungumza.

Na kabla Mswahili hajamcheka Mbukusu, naomba atazame shamba lake. Hapa Kenya nyanya ni mama wa mzazi wako na pia ni lile tunda la kwenye kachumbari. Mtanzania atasema bibi. Lakini Kenya ukisema "bibi yangu" wengi wataelewa mke wako. Ndani ya lugha moja, bila kuvuka alfabeti, unavuka Namanga tu na nyanya inakuwa ya kusagwa.

Kamba mguuni

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tangu utotoni nilidhani methali hiyo inamsikitikia kuku. Siku hizi naiona kama ushauri wa kiufundi. Kamba haipo ili kumtesa. Ipo ili asichanganyike na wengine kabla hajazoeleka, na ili kila mtu ajue katoka wapi.

Maneno nayo yana kamba yake. Kuna misimbo ya lugha ya ISO 639. Kiswahili ni sw. Kibukusu hakikupata msimbo wa herufi mbili, lakini katika orodha kubwa ya herufi tatu, iliyotoka mwaka 2007, kipo: bxk. Kisabaot ni spy. Katika ukurasa wa wavuti unaweza kulifunga neno moja tu kwa lang="bxk", na programu iliyoandikwa vizuri itajua kwamba hapo haina ruhusa ya kufuta h. Sisi hapa Endebess hatuchanganyi lugha kwa aya, tunachanganya ndani ya sentensi, kwa hiyo kamba lazima ifungwe kwenye neno, si kwenye ujumbe mzima.

Nilivyorekebisha mtambo wangu ni hivi, kwa anayetaka kujenga wake:

Kwanza, programu haibadilishi tena neno kimyakimya. Inamrudishia mwandishi na kumwuliza.

Pili, neno lisilojulikana linaachwa lilivyo. Kutojulikana kwangu si kosa lake.

Tatu, majina ya jamaa (kukhu, kuka, kogo, kugo, guka, cũcũ) yamo kwenye orodha yasiyoguswa kabisa. Ukikosea "sasa" mtu atacheka. Ukikosea nyanya, mtu anaweza kufa.

Hiyo ya nne si ya msimbo. Nilikwenda nyumbani na daftari. Kukhu alikuwa amepata nguvu, amekaa nje anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba mashine yangu haikumfahamu. Alinyamaza muda, kisha akauliza ni nani aliyeifundisha. Nikasema ni mimi. Akauliza tena: "Na wewe, Kukhu ulikuwa humjui?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetumia miezi kukusanya maneno elfu arobaini ya Kiswahili kutoka magazetini, na sikuwa nimeweka hata neno moja nililolisikia nyumbani kwetu. Si kwamba nilisahau. Sikuyahesabu kuwa maneno ya kompyuta.

Tukaanza siku hiyo hiyo. Yeye alisema, mimi niliandika, kila likizo, miaka minne. Alikuwa mhariri mkali kuliko yeyote niliyewahi kufanya naye kazi: nikisoma neno vibaya alikuwa akipiga debe la mahindi kwa kiganja mpaka nirudie. Neno la kwanza aliloniamuru niandike lilikuwa engokho, ili, kwa maneno yake, mashine isije ikasingizia tena. La pili likawa kukhu.

Mjomba wa Bungoma alikuja mwenyewe kuomba radhi, ameleta jogoo mkubwa. Alichinjwa, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mkubwa wa boma, safari hii ilikwenda kwenye sahani ya Kukhu. Hakuna aliyethubutu kusema lolote. Shangazi alicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Kukhu alitutoka mwaka 2018. Orodha yake ina maneno 1,912, na naendelea kuiongeza kwa shangazi. Ujumbe wa msiba ulipita kwenye mtambo ule ule. Niliusoma mara mbili kabla ya kuuachilia. Neno kukhu lilikuwemo, na h yake.

Basi wasomaji, nimesema mengi leo. Nawaachia swali dogo: kwenu nyumbani, "kuku" ni nani? Niandikieni, mtaje na lugha yenyewe tafadhali. Mjue tu kwamba kila neno mtakalonitumia nitalifunga kamba mguuni.

Tuonane juma lijalo, panapo majaliwa.